Kuwafunza wapimaji au kubadili safari ya maziwa: uchambuzi wa kisa cha ushirika mmoja wa Njoro

Halmashauri ya chama kimoja cha ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, upande wa Njoro katika Kaunti ya Nakuru, ilikabiliwa na uamuzi ambao kwa juu ulionekana mwepesi. Tangu mvua za masika zianze, maziwa yanayokataliwa yalikuwa yakiongezeka wiki baada ya wiki. Mengine yalikataliwa kwenye jukwaa la kupokelea la chama chenyewe, wakulima wakarudishiwa mitungi yao ikiwa imejaa. Mengine yalipokelewa, yakamiminwa kwenye tangi la kupozea, kisha yakakataliwa kwenye lango la kiwanda kinachoyanunua, na hasara ikawa ya wanachama wote. Hasara hii ya pili ndiyo iliyozua hasira kubwa zaidi. Ikiwa mpimaji ameyapitisha maziwa asubuhi na kiwanda kikayakataa alasiri ya siku hiyohiyo, wanachama walisema, basi mpimaji hajui kazi yake.

Kutokana na hoja hiyo, pendekezo la kwanza mezani lilikuwa mafunzo. Wapimaji wote wangepelekwa kwa zamu Naivasha, kwenye chuo cha mafunzo ya maziwa, na waendeshaji wa pikipiki wanaoyabeba maziwa kutoka vijijini wangeandaliwa semina ya usafi. Pendekezo la pili lilitoka kwa meneja, naye alilitoa kwa woga kidogo kwa sababu lilikuwa linagusa watu wengi. Alitaka saa za kukusanya maziwa zibadilishwe, mahali pa kupimia pasogezwe, na njia ya kuwalipa wachukuzi iangaliwe upya. Fedha zilizokuwepo zilitosha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo halmashauri iliomba uchambuzi ufanywe kabla ya kupiga kura, na maelezo yanayofuata yametokana na uchambuzi huo.

Swali la kwanza halikuhusu mafunzo wala ratiba. Lilihusu wakati. Wapimaji walikuwa walewale waliofanya kazi hiyo Januari na Februari, miezi ya ukame, wakati malalamiko yalikuwa machache. Kama tatizo ni kutojua, kwa nini walijua Januari na kusahau Aprili? Ujuzi wa mtu haupotei kwa sababu mvua imenyesha. Kilichobadilika na mvua ni mambo mawili yanayofahamika kwa kila mfugaji wa nyanda za juu: majani huota, ng'ombe wakakamuliwa maziwa mengi zaidi, na barabara za udongo zinazopanda kuelekea Mau Narok hugeuka utelezi. Maziwa yaliongezeka wakati uleule ambapo njia ya kuyafikisha kituoni ilirefuka kwa saa. Dalili hii peke yake haikutosha kumaliza mjadala, lakini ilitosha kuonyesha mahali pa kuchunguza kwanza.

Safari ya maziwa, kutoka zizini hadi tangini

Ni lazima safari hii ielezwe kwa utaratibu, kwa sababu mtu anayejadili utendaji wa wafanyakazi bila kuiona kazi yenyewe hujikuta akijadili tabia za watu. Mkulima hukamua alfajiri. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi za Selsiasi, na kwa saa chache za kwanza huwa na kinga yake ya asili inayozuia bakteria wasizaliane kwa kasi. Kinga hiyo ikiisha, maziwa yenye uvuguvugu ni makao mazuri mno kwa bakteria, ambao wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 au 30. Hesabu yake ni rahisi, na matokeo yake ni makubwa: ikiwa huongezeka maradufu kila nusu saa, bakteria 1,000 huwa 64,000 baada ya saa tatu. Dawa ya hali hiyo ni baridi. Maziwa yakishushwa hadi nyuzi 4, kuzaliana huko hupungua sana, lakini yaliyokwisha kuharibika hayatengemai kwa kupozwa.

Mchukuzi wa chama huanza kupita vijijini kabla jua halijachomoza. Katika njia za mbali hukuta baadhi ya wakulima wamekwisha kukamua na wengine bado. Huwasubiri. Kisha humimina maziwa ya wakulima kadhaa katika mkebe mmoja na kuendelea. Kwa kawaida mkulima wa kwanza kwenye njia ndefu hutoa maziwa yake mapema kabisa, na maziwa hayo ndiyo yanayozunguka muda mrefu kuliko yote. Kituoni, pikipiki kutoka njia zote zilikuwa zikifika karibu kwa pamoja, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Foleni ilikuwa nje, bila kivuli. Wapimaji wawili walitakiwa kukagua harufu na rangi, kutumia laktomita (kifaa kinachoonyesha uzito wa maziwa na hivyo kama yametiwa maji), kufanya kipimo cha alkoholi (ambacho huyagandisha maziwa yaliyoanza kuchacha), kuandika lita, na kujibu maswali ya wachukuzi waliokuwa na haraka ya kurudi kwenye kazi zao nyingine.

Haikushangaza kuona vipimo vikirukwa. Mkebe wa mchukuzi aliyezoeleka kuleta maziwa mazuri ulipitishwa kwa kunuswa tu. Mwangalizi anayesimama hapo kwa mara ya kwanza angesema mara moja kwamba wapimaji ni wazembe, na kama angeulizwa afanye nini angependekeza wafunzwe.

Je, wangeweza wakitaka?

Mwaka 1970 Wamarekani wawili waliojishughulisha na mafunzo kazini, Robert Mager na Peter Pipe, walipendekeza swali ambalo hadi leo ndilo bora zaidi ninalolijua katika jambo hili: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii ipasavyo kama uhai wake ungetegemea kuifanya? Kama jibu ni ndiyo, anachopungukiwa si ujuzi, na kumpeleka darasani ni kumfundisha anachokijua. Swali hilo lina ukali wake, na linafaa kuulizwa kwa vitendo badala ya maneno.

Wapimaji waliombwa wafanye vipimo alasiri, wakati jukwaa limetulia, kwa sampuli zilizoandaliwa: maziwa mabichi mazuri, maziwa yaliyotiwa maji, maziwa yaliyoanza kuchacha, na dang'a ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Walivifanya vizuri. Walichanganya maziwa na alkoholi kwa viwango sawa kama inavyotakiwa, wakatambua yaliyoganda, na mmoja wao akaeleza bila kuulizwa kwamba dang'a pia huganda kwenye alkoholi ingawa haijachacha, na kwamba maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yanaweza kufanya hivyohivyo. Huyo si mtu asiyejua kazi yake.

Lilijitokeza pengo moja tu la kweli, nalo lilikuwa katika laktomita. Maziwa safi ya ng'ombe huwa na uzito kati ya mara 1.026 na 1.032 ya uzito wa maji, na yakitiwa maji uzito huo hushuka. Lakini laktomita iliyokuwapo imetengenezwa kusoma sawasawa maziwa yakiwa na nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi ya hapo husomeka mepesi kuliko yalivyo, na kila nyuzi moja hudai masahihisho ya takriban alama 0.2. Maziwa yanayofika na nyuzi 30 na kusomeka alama 25, yaani 1.025, yangeonekana yametiwa maji, ilhali yakisahihishwa ni 27, yaani ni salama. Kinyume chake, maziwa ya jioni yaliyolala kwenye baridi ya milimani yanaweza kutiwa maji kidogo na bado yakapita. Wapimaji hawakuwa wakisahihisha. Maana yake ni kwamba kuna wakulima waaminifu waliowahi kuitwa wadanganyifu mbele ya majirani zao, na jambo hilo linauma zaidi ya lita zilizomwagwa.

Je, basi, hapa si mahali pa mafunzo? Kwa sehemu, ni mahali pake. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba kipimajoto cha kituo kilikuwa kimevunjika na hakijanunuliwa kingine. Mpimaji aliyefunzwa vizuri kabisa kusahihisha kwa joto asingeweza kusahihisha bila kujua joto lenyewe. Thomas Gilbert, Mmarekani aliyeandika mwaka 1978 kuhusu vyanzo vya utendaji mdogo kazini, alisisitiza kwamba taarifa, vifaa na malipo viangaliwe kabla ya ujuzi wa mfanyakazi, kwa kuwa ndiko kwenye kasoro nyingi na marekebisho yake ni nafuu zaidi. Njoro hali ilikuwa hivyo hasa. Kipimajoto na karatasi yenye jedwali la masahihisho, iliyobandikwa ukutani juu ya meza ya kupimia, vilitosha kufanya kile ambacho kozi ya siku nzima ingekifanya kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa nini kiwanda kilikataa yaliyopitishwa

Hili ndilo jambo lililowatatiza wajumbe wengi, na ndilo lililostahili muda mwingi zaidi. Kipimo cha alkoholi husema hali ya maziwa dakika ileile yanapopimwa. Hakisemi yatakuwaje baada ya saa mbili. Maziwa yenye bakteria wengi ambao bado hawajazalisha asidi ya kutosha hupita vizuri saa tatu asubuhi. Kiwandani walitumia pia rezazurini, rangi ya buluu inayobadilika kuelekea waridi kadiri bakteria wanavyokuwa wengi, na kwa kipimo cha dakika 10 waliona kile ambacho alkoholi haikukiona. Kwa hiyo mpimaji wa Njoro na mpimaji wa kiwanda wangeweza wote wawili kuwa sahihi, kila mmoja kwa wakati wake na kifaa chake.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyojificha ndani ya tangi. Mtambo wa kupoza una nguvu maalumu. Ukipewa maziwa ya joto kidogo kidogo, huyashusha haraka. Ukimiminiwa yote kwa saa moja, joto la tangi zima hupanda na huchukua muda mrefu kushuka, na hata yale yaliyokuwa yamepoa tayari hupata joto upya. Kufika kwa pikipiki zote kwa pamoja kulikuwa kunaharibu mambo mara mbili, kwanza kwenye foleni ya juani na tena ndani ya tangi. Hakuna mpimaji ambaye angeweza kulizuia hilo kwa ujuzi wake, hata angekuwa na vyeti vya ukuta mzima.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini wachukuzi wafike pamoja na kwa kuchelewa. Jibu lilipatikana katika daftari la malipo. Walilipwa kwa lita wanazofikisha. Kwa malipo hayo, mchukuzi mwenye akili timamu humsubiri mkulima wa mwisho, kwa sababu akiondoka bila lita zake, lita hizo huchukuliwa na broka anayepita baadaye, na mchukuzi hupoteza pato la siku. Semina ya usafi ingemweleza kwamba kuchelewa kunaharibu maziwa. Alikuwa analijua hilo tayari. Alichokuwa akikifanya ni kile ambacho chama chenyewe kilikuwa kikimlipa akifanye, na sioni haki katika kumlaumu mtu kwa kutii daftari la mwajiri wake.

Kilichoipa hoja ya mafunzo nguvu

Haifai kuidharau halmashauri. Wajumbe walikuwa na sababu zao, na baadhi zilikuwa nzito. Kwanza, mafunzo huonekana. Mkutano mkuu wa mwaka ukifika, mwenyekiti anaweza kusimama akasema tumewapeleka wafanyakazi Naivasha, na kila mwanachama akaelewa kwamba jambo limefanyika. Kubadili saa za pikipiki hakuna picha ya kuonyesha. Pili, fedha zenyewe zimepangwa kuelekea huko. Nchini Kenya mwajiri hutoa ada ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Hakuna mfuko kama huo wa kumrudishia gharama za kurekebisha ratiba au kujenga kibanda cha kivuli. Mfumo unaofidia dawa ya aina moja huwafanya watu wauone kila ugonjwa kuwa ni ule unaoponywa na dawa hiyo.

Sababu ya tatu haikutamkwa mkutanoni, lakini ilieleweka. Mafunzo hayamkwazi mtu yeyote mwenye kura. Mpimaji ni mwajiriwa. Akiambiwa aende kozi, ataenda. Kubadili saa za kukusanya kunamtaka mwanachama aamke mapema zaidi, na kubadili malipo kunawagusa wachukuzi, ambao wengi wao ni vijana wa familia za wanachama haohao. Katika ushirika, uzito wa mabadiliko humwangukia mwenye mali, na mwenye mali ndiye mpiga kura. Naamini hapa ndipo maamuzi mengi ya aina hii hupotoka, katika vyama vya ushirika na hata katika ofisi za serikali na kampuni: aliye chini kabisa ndiye anayetakiwa abadilike, kwa kuwa ndiye asiyeweza kukataa.

Meneja naye hakuwa sahihi kwa kila kitu. Alitaka mabadiliko yote yaanze Jumatatu moja, bila kuwapa wachukuzi nafasi ya kusema, na alikuwa ameweka mahali pa kukutania ambapo pikipiki haziwezi kufika mvua ikinyesha. Mchukuzi mmoja mzee, anayeheshimiwa njiani kote, alimweleza kwa upole kwamba kijito kinachokatiza barabara hiyo hujaa kila masika, na kwamba maziwa yangekwama ng'ambo hadi saa tano. Mabadiliko ya utaratibu yaliyopangwa ofisini na mtu asiyeipita njia hiyo yanaweza kuwa mabaya kuliko utaratibu wa zamani, na kisa hiki kilikaribia kuwa mfano wa hilo.

Uamuzi na mpangilio wake

Pendekezo lililopitishwa lilianza na utaratibu, likaacha mafunzo yafuate. Njia za mbali zilipewa zamu ya kufika kwanza, kabla ya saa mbili, na njia za karibu baadaye, ili jukwaa na tangi vipokee maziwa kwa mtiririko badala ya mafuriko. Kipimo cha alkoholi kilisogezwa hadi vijijini: kila mchukuzi alipewa vifaa vya kupima maziwa ya kila mkulima kabla ya kuyachanganya, ili maziwa mabovu ya mmoja yasiharibu mkebe wa wote. Malipo yakagawanywa sehemu mbili, moja ya safari iliyofika ndani ya muda wake na nyingine ya lita zilizokubaliwa. Kibanda cha kivuli kilijengwa kwa mabati. Mitungi ya plastiki yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii kuiosha, iliwekewa muda wa mwisho, kisha mikebe ya alumini pekee ndiyo ingepokelewa.

Hapo ndipo haja ya mafunzo ilipodhihirika, na haikuwa ile iliyopendekezwa mwanzoni. Waliohitaji kufundishwa kwanza hawakuwa wapimaji bali wachukuzi, kwa sababu sasa walikuwa na kazi mpya mikononi mwao: kupima, kusoma, na kumwambia jirani yao usoni kwamba maziwa yake hayachukuliki leo. Jambo hili la mwisho ni gumu kuliko kipimo chenyewe. Kijana anayemwambia mama wa rika la mama yake kwamba maziwa yake yameganda anahitaji maneno ya heshima na msimamo kwa pamoja, na mpimaji mmoja mzoefu aliandamana nao siku za mwanzo ili wamwone anavyofanya: anamsalimia Mama kwanza, anampa kikombe aone mwenyewe, kisha anauliza kuhusu ng'ombe kabla ya kuuliza kuhusu chombo. Kama chama kingewafunza mwanzoni kwa utaratibu wa zamani, fedha hizo zingetumika kufundisha kazi ambayo ilikuwa karibu kufutwa.

Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Njia za chini, kuelekea Rongai, zilitengemaa haraka, na kiwanda kikaacha kurudisha maziwa ya siku za kawaida. Njia za juu zilisuasua. Huko ilibainika kwamba baadhi ya wakulima walikuwa wakichanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi, wakiamini kwamba usiku wa baridi unatosha kuyahifadhi. Hilo lilikuwa suala la maarifa hasa, na hakuna ratiba ya pikipiki ambayo ingelitatua. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za antibiotiki: mkulima asipojua kwamba ng'ombe aliyetibiwa ana siku ambazo maziwa yake hayauzwi, kulingana na maelekezo ya dawa husika, hakuna kipimo cha alkoholi kitakachomwonya. Fedha za mafunzo zilizobaki zimepangiwa wakulima wa njia hizo, na daktari wa mifugo wa wadi ameombwa aongoze vikao vyake.

Lipo jambo moja ambalo bado halmashauri haijaliamua. Ukame ukirudi na lita zikipungua, safari za mapema za njia za mbali hazitajilipia, na sehemu ya malipo inayotolewa kwa kuwahi itakuwa mzigo kwa chama. Meneja anataka malipo hayo yaendelee mwaka mzima ili wachukuzi wasirudie desturi ya kusubiri. Mweka hazina anataka yasimamishwe hadi masika yajayo. Mimi nimeshauri yaendelee, walau kwa njia mbili zilizo ndefu zaidi, na hesabu zake zitapelekwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu ili walioombwa kuamka mapema ndio wapige kura.